Gaius Marius: jenerali aliyefungulia maskini mulango wa jeshi la Roma

Alizaliwa katika kijiji, akachaguliwa mara saba kuwa mukubwa wa Roma. Aliingiza katika jeshi watu wasiokuwa na shamba wala mali, akawafanya kuwa askari wa miguu wenye kuogopwa. Lakini swali moja lilibaki bila jibu: vita ikiisha, nani atamulisha askari yule? Kukosa jibu kuliharibu Roma, na Marius mwenyewe nusu kumuue.

Mutoto wa kijiji

Gaius Marius alizaliwa karibu na mwaka wa 157 mbele ya Kristo. Miaka ya wakati ule inahesabiwa kwa kurudi nyuma: mwaka wa 107 unakuja nyuma ya mwaka wa 157. Kijiji chake kilikuwa karibu na muji mudogo wa Arpinum, katika milima, karibu kilometa 100 kutoka Roma. Jamaa yake haikukuwa ya ombaomba, walikuwa watu wa kujiweza kwao kijijini. Lakini ku Roma jina lao halikujulikana. Hakuna mutu wa ukoo wao aliyekuwa amekalia kiti kikubwa cha serikali.

Na ku Roma jina njo lilikuwa kila kitu. Kila mwaka raia walichagua wakubwa wawili, walioitwa konsuli, kuongoza serikali na jeshi. Kwa kawaida viti vile vilizunguka katika jamaa zilezile: baba, mutoto, mujukuu. Mutu wa kwanza wa ukoo wake kufika pale aliitwa mutu mupya, na jina lile halikukuwa la heshima sana.

Kwa kijana wa Arpinum njia ya kupanda ilikuwa moja: jeshi.

Shule ya Numantia

Mwaka wa 134, Marius alikuwa Hispania, katika jeshi lililozunguka muji wa Numantia. Vita ile ilikuwa imechokesha Waroma. Askari walikuwa wamezoea kukaa bila kazi, kambi imejaa wachuuzi, waaguzi na malaya. Komanda mupya, Scipio Aemilianus, alifukuza wote wale. Alikataza askari kupanda wanyama safarini. Kila mumoja aliruhusiwa kubaki na sufuria, kijiti cha kuchomea nyama na kikombe. Chakula chao walikibeba wenyewe, tena kila siku walichimba mitaro na kujenga kuta.

Kwa njia ile Numantia ulianguka mwaka wa 133, kwa njaa zaidi kuliko kwa upanga. Marius aliona somo lile kwa macho yake: jembe na muguu vinaweza kushinda vita. Katika kambi ileile kulikuwa pia kijana wa Afrika Kaskazini, Jugurtha, aliyekuja kusaidia Waroma. Wawili wale walikuwa watakutana tena, lakini kama maadui.

Kupanda ngazi polepole

Nyuma ya vita, Marius aliingia katika siasa. Jamaa kubwa ya Wametelli ilimuunga mukono. Mwaka wa 119 alichaguliwa kuwa mutetezi wa raia. Pale alipitisha sheria juu ya uchaguzi: vijia ambamo watu walipita kwenda kutupa kura vilipunguzwa upana, kusudi matajiri wasisimame pembeni kuwatisha wapigaji kura. Wakubwa wa Seneti walikasirika, yeye akatisha kuwafunga gerezani.

Kisha alianguka katika uchaguzi mwingine. Mwaka wa 115 alipita kwa shida na akashitakiwa mara moja kwamba alinunua kura. Waamuzi waligawanyika sawasawa, nusu kwa nusu, na hivyo akaachiliwa. Baadaye alioa Julia, binti wa jamaa ya zamani ya Wacaesar. Mutoto wa kaka ya Julia njo yule Julius Caesar ambaye dunia nzima inamujua.

Vita na Jugurtha

Jugurtha alikuwa sasa mufalme wa Numidia, eneo ambalo leo ni mashariki ya Algeria na sehemu ya Tunisia. Alikuwa ameua ndugu zake kwa ajili ya kiti, na vita yake na Roma ilikokota miaka. Mwaka wa 109, konsuli Metellus alienda kule na kumuchukua Marius kama musaidizi.

Kule Marius alipendwa na askari wa chini. Alikula chakula chao, akalala chini sawa wao, akashika jembe wakati wa kuchimba mutaro wa kambi. Askari waliandika barua nyumbani wakisema vita itaisha tu kama Marius anakuwa konsuli. Marius alipoomba ruhusa ya kwenda kugombea, Metellus alimucheka: alimushauri angojee mutoto wa Metellus mwenyewe akue, wagombee pamoja. Kijana yule alikuwa na miaka 20 hivi, Marius alikuwa anakaribia 50. Marius hakusahau zarau ile. Alienda Roma, akachaguliwa konsuli wa mwaka wa 107, na raia wakamupa vita ya Jugurtha mahali pa Metellus.

Mulango unafunguliwa

Kwa desturi ya zamani, askari wa miguu wa Roma alikuwa mutu mwenye mali. Alikuwa na shamba, alijinunulia upanga na ngao, akapigana, kisha akarudi kuvuna. Fikiri ilikuwa kwamba mutu mwenye shamba atailinda inchi vizuri kwa sababu ana kitu cha kupoteza. Lakini vita zilienda mbali, Hispania, Ugriki, Afrika, na zilidumu miaka. Watu walianza kukimbia kuandikishwa. Serikali ilikwisha kupunguza mara kazaa kiasi cha mali kilichoombwa, na bado watu hawakutosha.

Marius hakulazimisha mutu. Aliita wenye kutaka, hata wale ambao katika daftari la serikali walihesabiwa kichwa tu, kwa sababu hawakukuwa na mali ya kuandika. Walikuja kwa wingi. Wataalamu wa leo wanabishana kama Marius peke yake aligeuza jeshi, sababu mabadiliko mengi yalianza mbele yake na mengine yalikuja nyuma. Lakini tendo lile la mwaka wa 107 liko wazi katika maandishi ya zamani, na wakubwa wa Seneti waliliangalia kwa wasiwasi. Askari mwenye shamba anajua vita ikiisha atarudi wapi. Asiyekuwa na kitu anaangalia mukono wa komanda wake.

Mukono ule ulijionyesha mapema ku Afrika. Muji wa Capsa ulijitoa kwa Marius bila mapigano. Hata hivyo aliuchoma, wanaume wakauawa, wengine wote wakauzwa kama watumwa, na feza zikagawiwa askari. Ilikuwa kinyume cha sheria ya vita ya Waroma wenyewe. Askari walifurahi. Watu wa Capsa hawakukuwa na mutu wa kuwasemea.

Lakini hata ushindi wa Marius mara nyingine ulitoka chini. Ngome moja juu ya mwamba ilimushinda kwa siku nyingi. Askari mumoja wa kawaida, mutu wa Liguria, alienda kuchota maji, akaona konokono katika mawe. Akaokota moja, nyingine, akaendelea kupanda, mupaka akajikuta juu kabisa, nyuma ya ngome. Alishuka akamuambia Marius. Kesho yake wapiga baragumu na askari wachache walipita njia ya konokono, wakapiga kelele nyuma ya adui, na ngome ikaanguka.

Jugurtha alikamatwa mwaka wa 105, kwa njia ya usaliti wa Bocchus, mufalme jirani. Aliyepanga mambo yale alikuwa kijana wa jamaa kubwa, Lucius Sulla, aliyekuwa chini ya Marius. Sulla alijitengenezea pete yenye picha ya tukio lile na akaivaa kila siku. Marius aliiona, na moyo wake ukaanza kuchacha.

Mizigo ku mabega

Mwaka uleule habari mbaya ilifika. Mataifa mawili makubwa kutoka kaskazini, Wakimbri na Wateutoni, walikuwa wanatembea Ulaya pamoja na wake, watoto na magari yao, wakitafuta udongo. Tarehe 6 mwezi wa 10, karibu na Arausio, kusini mwa Ufaransa ya leo, walivunja majeshi mawili ya Roma. Makomanda wawili walikuwa wamekataa kusikilizana, mumoja akimuzarau mwenzake kuwa si wa jamaa kubwa. Waandishi wa zamani wanahesabu askari 80.000 waliokufa. Hata kama hesabu ile inapita kiasi, ku Roma nyumba nyingi zililia.

Watu walimuchagua Marius konsuli kwa mwaka wa 104, kisha 103, 102, 101 na 100. Sheria haikuruhusu, lakini woga ulikuwa na nguvu kuliko sheria.

Adui alienda kwanza Hispania, na Marius akapata wakati wa kufundisha watu wake. Askari wake alibeba kila kitu mwenyewe: ngao kubwa ya mbao na ngozi, mikuki ya kutupa, upanga mufupi, kofia ya chuma, nguo ya vita iliyosukwa kwa pete ndogo za chuma, jembe, sufuria na ngano ya siku nyingi. Vifaa vya safari vilifungwa ku kijiti, kijiti kikawekwa ku bega. Mizigo yote ilipita kilo 30. Watu waliwacheka wakawaita nyumbu wa Marius, kwa jina la munyama wa mizigo anayezaliwa na punda na farasi. Jina lilibaki, na wao wenyewe wakalivaa kwa kiburi.

Jioni, kiisha kutembea, kazi ilikuwa bado. Walichimba mutaro, wakapanga ukuta wa udongo na miti, ndipo wakafunga mahema ya ngozi. Watu wanane walilala katika hema moja, wakasaga ngano pamoja, wakapika pamoja. Mahema kumi yalifanya kikosi cha watu 80, chini ya mukubwa aliyetembea na fimbo na aliyejua kuitumia. Mulinzi aliyesinzia usiku alipigwa na wenzake kwa fimbo na mawe mupaka kufa. Mushahara ulikuwa mudogo, karibu vipande 112 vya feza kwa mwaka, na bei ya ngano ilikatwa mbele. Kilichobaki, askari alikitazamia katika nyara.

Kwa kungoja vita, Marius aliwachimbisha hata mufereji mukubwa karibu na mudomo wa muto Rhône, kusudi mashua za chakula zipite. Tena aliweka tai ya feza kuwa alama ya kila jeshi, mahali pa wanyama mbalimbali wa zamani. Kupoteza tai ile ilikuwa haya kubwa kuliko kifo.

Kesi ya Trebonius

Katika kambi ile kulitokea kesi ambayo watu wa zamani waliihesabu kati ya matendo mema ya Marius. Mutoto wa dada yake, Gaius Lusius, alikuwa mukubwa wa kikosi. Alimutamani askari kijana, Trebonius, akamusumbua mara nyingi. Usiku mumoja alimuita katika hema na akataka kumushika kwa nguvu. Trebonius alichomoa upanga akamuua.

Kuua mukubwa katika jeshi la Roma kulikuwa na azabu moja. Hakuna mutu aliyejitokeza kumutetea. Trebonius alisema kesi yake mwenyewe na akaleta mashahidi kwamba alikuwa amekataa zawadi na maombi. Marius alisikiliza. Aliyekufa alikuwa damu yake, na aliyeshitakiwa alikuwa askari wa chini. Alimuachilia, kisha akamuvalisha taji ambalo kwa kawaida lilipewa mashujaa. Habari ile ilifika Roma na ikamusaidia kuchaguliwa tena.

Ushindi mara mbili

Mwaka wa 102 Wateutoni walirudi. Marius alikataa kupigana haraka. Aliacha adui apite mbele ya kambi, na inasemekana walipita siku sita, wakiuliza kwa kejeli kama askari walikuwa na salamu za kutuma kwa wake zao Roma. Askari waliuma meno. Marius aliwapandisha ku ukuta kwa zamu, kusudi macho yao yazoee sura ya watu wale na woga uishe.

Kisha aliwafuata. Karibu na Aquae Sextiae, ambayo leo inaitwa Aix-en-Provence, alipanga askari wake juu ya kilima na kuficha watu 3.000 katika musitu nyuma ya adui. Adui alipanda kilima akichoka, mikuki ikamushukia, na wale wa musitu wakatokea. Lilikuwa chinjo. Wanawake na watoto waliobaki waliuzwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 7, katika joto na vumbi ya kaskazini mwa Italia, karibu na Vercellae, Marius na mwenzake Catulus walivunja Wakimbri kwa jeshi la watu karibu 52.000. Roma ilipona. Siku ile Marius aliwapa uraia wa Roma watu karibu 1.000 wa muji wa Camerinum waliopigana vizuri. Walipomuuliza sheria gani ilimuruhusu, alijibu kwamba kelele ya silaha ilimuzuia kusikia sheria. Watu walicheka. Miaka michache mbele, maneno yale hayakuchekesha tena.

Deni la mashamba

Sasa maelfu ya askari walirudi bila pa kwenda. Marius aliwatafutia mashamba kwa njia ya mutetezi wa raia, Saturninus. Sheria ya mwaka wa 103 ilitoa kwa kila askari wa vita ya Afrika karibu hektari 25 kulekule Afrika. Mwaka wa 100 sheria nyingine ilifuata. Seneti ilipinga, na askari wa zamani walikuja mujini na fimbo kuipitisha kwa nguvu.

Kisha watu wa Saturninus waliua mugombea hazarani siku ya uchaguzi. Seneti ilimuamuru Marius, kama konsuli, kurudisha amani. Alikamata rafiki zake, akawafungia katika nyumba ya Seneti akizani atawaokoa. Lakini umati ulipanda juu, ukang'oa vigae na kuwapiga navyo mupaka kufa. Tangu siku ile wakubwa hawakumupenda, na wadogo hawakumuamini.

Jeshi linaingia Roma

Mwaka wa 88 vita mupya ilionekana, na mufalme Mithridates, katika Uturuki ya leo. Seneti iliitoa kwa Sulla. Marius, karibu miaka 70, muzito wa mwili, alienda kila siku ku uwanja kufanya mazoezi na vijana, kuonyesha kwamba bado anaweza. Rafiki zake walipitisha sheria ya kumunyanganya Sulla vita na kumupa yeye.

Sulla alikimbilia kwa askari wake karibu na Nola, akawaambia habari. Wale walikuwa wametumaini mali ya Mashariki, wakaogopa Marius ataandikisha wengine. Waliwapiga mawe wajumbe waliotumwa, wakawaua, na vikosi sita vikaelekea Roma. Wakubwa wa jeshi karibu wote walimuacha Sulla, isipokuwa mumoja. Askari wa chini walimufuata. Ilikuwa mara ya kwanza jeshi la Roma kuingia Roma kwa vita.

Jenerali aliyefundisha Roma kuandika maskini katika jeshi hakukuwa sasa na jeshi. Aliahidi uhuru kwa watumwa watakaomupigania, na inasemekana walikuja watatu tu. Alikimbia. Walimutoa katika matope ya Minturnae, uchi, na mutu aliyetumwa kumuua alishindwa kuinua upanga mbele yake. Aliachiliwa, akavuka bahari, akafika katika mabomoko ya Kartago, ku Afrika alikopata jina lake. Gavana wa pale alimukataza kukaa.

Kurudi vibaya

Sulla alipoenda Mashariki, Marius alirudi, mwaka wa 87, akaungana na konsuli Cinna aliyefukuzwa. Walikatia Roma chakula mupaka ikafungua milango. Marius alitembea na kundi la watumwa aliowafungua, na mutu ambaye salamu yake Marius hakuiitikia waliweza kumuua palepale. Vichwa vya wakubwa vilitundikwa mahali pa hotuba. Catulus, mwenzake wa Vercellae, aliomba hurma, akanyimwa, akajiua. Kundi lile liliiba na kunajisi mupaka washirika wa Marius wenyewe wakalizunguka usiku katika kambi na kuliua.

Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 86 Marius alikuwa konsuli mara ya saba. Hakufika hata mwisho wa mwezi. Alikufa nyuma ya wiki mbili hivi, kwa ugonjwa, akiweweseka kwamba anaongoza vita ya Mashariki. Sulla aliporudi kama mushindi, alitupa mabaki yake katika muto Anio.

Jibu lilichelewa

Njia ilikuwa imefunguliwa. Kila mwenye kutaka utawala alijua kitu cha kufanya: ahidi askari shamba, nao watakufuata. Sulla aliwapa askari wake mashamba aliyonyanganya wengine. Caesar alivuka Rubicon mwaka wa 49. Vita za wenyewe kwa wenyewe ziliendelea kizazi kizima, na wakulima wa Italia walifukuzwa mara kwa mara katika udongo wao kusudi askari wapate pa kukaa.

Ni Augustus, mutawala wa kwanza wa milki, aliyetafuta jibu la kudumu. Mwaka wa 6 nyuma ya Kristo alianzisha sanduku la feza la jeshi. Aliweka ndani sesteri milioni 170 za mali yake, kisha akaamuru kodi ya asilimia 5 juu ya uriti na asilimia 1 juu ya mauzo ya mnada. Askari wa miguu aliyemaliza miaka 20 alipaswa kupata sesteri 12.000, kutoka kwa serikali, wala si kutoka mukono wa jenerali. Matajiri walinungunika juu ya kodi ile. Hata askari walicheleweshewa haki yao, na mwaka wa 14 wale wa Rhine waliasi wakilalamika kwamba wanazeeka kambini. Lakini sasa mutu alijua deni ni la nani.

Tangu siku ile Marius alipowaandika watu wasiokuwa na kitu mupaka sanduku lile, zaidi ya miaka 110 ilipita.